Kabla ya Farasi, Punda

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilirudi nyumbani Nzega kwa ajili ya fildi, na kichwa changu kilikuwa kimejaa. Mtihani wa uzazi wa wanyama nilikuwa nimeufaulu vizuri. Mfumo wa uzazi wa farasi jike ningeweza kuuchora gizani. Siku ya tatu mama mdogo akanituma kisimani na punda jike wetu, madumu manne mgongoni. Nikamvuta, akasimama. Nikazidi kuvuta, naye akazidi kukaza shingo. Kamba nilikuwa nimeizungusha kwenye kiganja, kosa ambalo hakuna aliyewahi kunionya, na punda alipogeuka ghafla ikanibabua ngozi.

Mtoto wa jirani, hajafika hata darasa la tano, alikuwa akinitazama. "Shikamoo, dada," akasema. "Unamvuta sana, ndiyo maana hataki." Akaichukua kamba, akailegeza, akasogea kando ya bega la punda badala ya kusimama mbele ya uso wake. Akangoja. Akaikaza kamba kidogo tu, na punda alipoinua mguu mmoja, akaiachia papo hapo. Wakaondoka wote wawili, mimi nikiwafuata nyuma na kiganja kinawaka.

Ninalisimulia hili kwa sababu vijana wa Tabora wanaopangiwa shahada za mifugo au udaktari wa wanyama huniuliza swali moja karibu kila mwaka: kwa nini wenzetu Marekani wanafundishwa farasi kwa mikono, sisi tunafundishwa kwa picha ukutani? Swali ni la haki. Ila limefunga mambo kadhaa katika fundo moja, na ukilivuta lote kwa pamoja linazidi kukaza, kama nilivyomkaza yule punda.

Tuanze na wanachofanya huko. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, mjini Fort Collins, mwanafunzi hukabidhiwa farasi kijana aliyetoka kwenye ranchi. Kwa miezi kadhaa anamzoesha kuguswa, kufungwa, kuinua kwato, kupokea lijamu na tandiko, kisha kupandwa. Majira ya kuchipua yakifika, farasi hao huuzwa kwa mnada mbele ya watu. Cal Poly, chuo kilichoko San Luis Obispo, California, kinagusa pia upande wa uzazi: wanafunzi hushiriki kupandisha farasi majike na hukesha kwa zamu wakingoja watoto kuzaliwa.

Mnada ule una uzito kuliko unavyoonekana. Mnunuzi haulizi mwanafunzi alipata alama gani. Anamtazama farasi akifungwa, akitandikwa, akipita karibu na kitu kinachopepea. Kama mwanafunzi alikuwa akipoteza subira jioni, farasi ataonyesha kwa masikio na kwa mkia. Kazi ya mwezi wa pili iliyorukwa inaonekana mwezi wa sita, na hakuna namna ya kuificha kwenye ripoti. Mimi nauona huo kuwa mtihani bora kuliko wowote niliowahi kuketi.

Sasa, uzazi. Hapa ndipo mambo yanaponoga, na ndipo darasa lenye picha linapoishiwa nguvu mapema.

Farasi jike huongozwa na mwanga. Siku zinapokuwa ndefu, ubongo wake huruhusu mayai kupevuka. Siku zinapokuwa fupi, wengi hunyamaza kabisa. Ndiyo maana wafugaji wa kaskazini ya dunia huwawashia taa mabandani wakati wa baridi, ili farasi apate takribani saa 16 za mwanga kwa siku na aingie mapema kwenye joto, yaani siku za kumtaka dume. Tabora iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi ni kama nusu saa na dakika chache. Saa ya mnyama wa hapa inasomwa zaidi kwenye mvua na majani: yakiwa mabichi kuanzia Desemba jike ananenepa na joto lake linakuja kwa mpangilio, na yakikauka Septemba na Oktoba mbavu zinaonekana na mpangilio unavurugika. Mwanafunzi aliyekariri sura ya mwanga kutoka kwenye kitabu cha ng'ambo, akaileta Nzega bila kuitafakari, atatafuta taa mahali panapohitaji nyasi kavu zilizohifadhiwa.

Mzunguko wa farasi jike ni siku 21 au 22 hivi, na joto lenyewe huchukua siku 5 hadi 7. Yai hutoka mwishoni, siku moja au mbili kabla joto halijaisha. Mtu anayempeleka kwa dume siku ya kwanza anapoteza nguvu za wanyama wote wawili. Utajuaje siku ya kwanza ni ipi? Kwa kumtazama kila siku, saa ile ile, na kuandika. Farasi jike aliye tayari huinua mkia, hujikojolea kidogo kidogo, husimama akimwelekezea dume mgongo. Punda jike ana ishara yake ambayo hutaiona kwa farasi kwa kiasi kile: hunyoosha shingo, hulaza masikio nyuma, kisha hufungua na kufunga mdomo kama anatafuna hewa, mate yakimtoka. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani kuna kitu kimemkwama kooni.

Dume la punda nalo lina tabia inayowakatisha tamaa wanafunzi wenye haraka. Humkaribia jike, humnusa, kisha huondoka na kwenda kusimama mbali kama aliyesahau. Hurudi, huondoka tena. Hiyo ndiyo namna yake, na inaweza kuchukua muda mrefu. Nimeona vijana wakimpiga fimbo dume wakidhani hana nguvu, na baada ya fimbo mbili tatu kweli akakosa nguvu.

Mimba ikishashika kuna kazi ambayo mikono peke yake haitoshi. Kiinitete cha farasi hutembea ndani ya mji wa mimba, huku na huku, hadi karibu siku ya 16 ndipo kinatulia mahali pamoja. Daktari hupima kwa ultrasaundi siku ya 14 hadi 16, na shabaha yake kubwa ni kutafuta mapacha. Kwa mbuzi mapacha ni baraka. Kwa farasi ni hatari: mji wa mimba haumudu kulisha wawili, na mara nyingi wote hupotea, pengine pamoja na mama. Kwa hiyo daktari huondoa kimoja kabla hakijatulia. Jambo hilo nililisoma mara nyingi, lakini uzito wake niliupata siku nilipoona vidoa viwili vyeusi kwenye kioo na mkono wa mwalimu ukisita.

Kuzaa hutokea zaidi usiku. Chuchu hutoa matone ya nta siku moja au mbili kabla, ingawa si kwa wote. Uchungu wa kusukuma ukianza mambo huenda mbio: dakika 20 hadi 30 mtoto yuko nje, miguu ya mbele ikitangulia, mmoja mbele kidogo ya mwenzake, pua juu yake. Ukiona badala ya utando mweupe kinatokea kitu chekundu kama mahameli, ujue kondo limebanduka kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa. Unalipasua palepale, humsubiri daktari. Baada ya hapo wafugaji huhesabu saa: ndani ya saa 1 mtoto awe amesimama, ndani ya saa 2 awe ananyonya, ndani ya saa 3 kondo la nyuma liwe limetoka. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndiyo kinga yake yote, kwa sababu kondo la farasi na la punda halipitishi kinga kutoka kwa mama, na utumbo wa mtoto huipokea kwa siku moja tu tangu kuzaliwa, hasa saa zile za mwanzo. Mwanafunzi aliyelala wakati wa zamu hawezi kuirudisha siku hiyo.

Sasa kwa nini farasi wenyewe hatuna? Miti tunayoiona tukitoka Sikonge au Kaliua, miombo iliyofungamana, ni nyumba ya mbung'o, ambao wengi wetu tunawaita ndorobo. Vimelea wanavyosambaza huwadhoofisha ng'ombe, lakini kwa farasi mara nyingi ni kifo cha haraka zaidi. Juu yake kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na virusi vinavyosambazwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni baada ya mvua. Kwa farasi ambaye hajawahi kuupata wala kuchanjwa, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanaweza kufa. Rasi ya Tumaini Jema ilipoteza karibu farasi 70,000 kwa ugonjwa huo mwaka 1854 na 1855. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonekana mgonjwa, na punda mara nyingi huupita kwa homa ndogo.

Historia ya Tabora inalijua hilo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kuelekea Ujiji ilitembewa na wapagazi na punda. Henry Morton Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Wote walikufa mapema, msafara ukiwa bado karibu na pwani. Hawakuiona Kwihara, hapa karibu na Tabora. Punda wa bara, ambaye watu wa pwani walimwita kihongwe na kumlaumu kwa ukaidi, ndiye aliyejua njia hii.

Farasi wapo Tanzania, wachache. Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi, na kuna wanaofugwa na watu binafsi na kampuni za utalii upande wa kaskazini. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, anayesoma udaktari wa wanyama kwa miaka 5, anaweza kubahatika kumgusa mmoja. Lakini elimu ya mikono haijengwi kwa kubahatika. Inahitaji mnyama yule yule, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki.

Mnyama huyo tunaye. Nzega na Igunga punda wako kila kijiji, wakibeba maji, kuni, mahindi, na tofali za kujengea. Na punda si mgeni aliyeletwa: asili yake ni punda mwitu wa pembe ya Afrika, na bara hili ndilo lililomfuga kwanza.

Hata hivyo, ni kosa kumchukua punda kama farasi mfupi, na hapa ningependa mwanafunzi asimame kidogo. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na mtoto wao, baghala, ana 63 na kwa kawaida hazai. Mimba ya farasi ni miezi 11, ya punda ni 12. Dawa kadhaa hutoka mwilini mwa punda haraka kuliko kwa farasi, kwa hiyo kipimo cha kitabu cha farasi kinaweza kumwacha na maumivu. Punda huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo atajibwaga chini na kugaagaa, punda atasimama kimya tu na kuacha kula. Na punda akikosa chakula ghafla, hasa mwenye mimba au mnene, mafuta humwagika kwenye damu yake na kumuua kwa siku chache. Kwa hiyo kwetu sisi "punda amegoma kula" ni dharura, hata kama anasimama vizuri.

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye woga. Farasi alitokana na wanyama wa nyika za wazi walioishi kwa makundi, na kinga yao ilikuwa mbio. Akishtuka, anakimbia kwanza, anafikiri baadaye. Punda mwitu aliishi jangwani, mara nyingi peke yake, na mbio kwenye jua lile zingemmaliza. Yeye akishtuka husimama na kutafakari. Sisi tukamwita mkaidi, tukatunga methali kwamba fadhila za punda ni mateke, na nyingine kwamba punda afe, mzigo ufike. Yule punda wetu wa kisimani alikuwa ameona kitu. Baadaye nilirudi kwenye njia ile nikakuta mfuko wa plastiki umenasa kwenye mnyaa, unacheza na upepo. Alihitaji sekunde kumi za kuutazama. Mimi nilimpa kamba.

Alichofanya yule mtoto kina jina kwenye vitabu vya tabia za wanyama, lakini maana yake ni nyepesi: mnyama hujifunza pale shinikizo linapoondoka. Kukaza kamba hakumfundishi kitu. Kuilegeza, ndani ya sekunde moja tangu ainue mguu, ndiko kunakomwambia "ni hivyo." Ukichelewa kuilegeza sekunde nne, punda ameshafanya mambo mengine matatu na hajui umemshukuru kwa lipi. Ukiilegeza anapokaza shingo, umemfundisha kukaza shingo. Mwanafunzi mmoja kwenye fildi yetu alimlaumu punda kwa wiki mbili kabla hajagundua kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye mkono mzito.

Wanyama hawa hutusoma kuliko tunavyodhani. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu mstaafu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Watu walijaa kumtazama. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha siri yake: kama anayeuliza hajui jibu, Hans naye hajui. Farasi alikuwa akiona kichwa cha mtu kikiinuka kidogo mno pale hesabu ilipofikia jibu, na kuacha kugonga. Mwenye farasi hakuwa akidanganya. Hakujua kama mwili wake unasema. Kila mwanafunzi anayeingia zizini na hofu anapaswa kulijua hilo, kwa sababu punda ameshaijua hofu yake kabla hajafunga mlango.

Basi elimu hiyo ya mikono ingefanyikaje hapa? Watu huanza na fedha. Mimi naona ugumu wa kwanza ni kalenda. Muhula wa chuo ni miezi minne hivi. Mimba ya punda inapita mihula miwili na likizo zake. Mwanafunzi atakayempeleka jike kwa dume Februari hatakuwa yule yule atakayempokea mtoto Februari inayofuata. Colorado wanalikwepa tatizo hili kwa kuchukua farasi ambao tayari wamekua. Kwa punda, ningeweka daftari la kila jike, linalopita kutoka mkono wa mwaka wa pili kwenda wa tatu: tarehe za joto, tarehe ya kupandwa, unene wa mwili kila mwezi, dawa ya minyoo, kwato. Anayelipokea anawajibika kwa mwandiko wa aliyemtangulia. Nimeona daftari moja la namna hiyo likiokoa jike ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba mwaka uliotangulia kondo lilichelewa kutoka.

Upande wa mafunzo ni rahisi zaidi, kwa kuwa punda vijana wa miaka miwili wapo na wenye punda wangefurahi wazoeshwe. Mwanafunzi angeanza na kuguswa mwili mzima, kufungwa kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja, kuinua kwato, kutembea kando ya bega, kupita kwenye maji. Mzigo ungengoja. Mifupa ya mgongo ya wanyama hawa hukamilika wakiwa na miaka 5 hivi, na madumu manne ya lita 20 yakijaa ni kilo 80 za maji, kwa mnyama ambaye mara nyingi hafiki kilo 200. Kijana wa chuo akijua hesabu hiyo, atakuwa na la kumwambia mwenye punda kisimani, na ataweza kumwonyesha tandiko lisilochubua.

Kuna jambo jingine lililonifanya niandike. Ngozi ya punda inatafutwa kutengeneza ejiao, dawa ya kienyeji ya China, na wanyama wengi wa Afrika wameibwa na kuchinjwa kwa ajili yake. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha zuio la miaka 15 la kuchinja punda kwa biashara ya ngozi. Wapo wanaodhani punda wangeweza kufugwa kwa wingi kwa ajili ya biashara hiyo. Anayejua kwamba punda huzaa mtoto mmoja baada ya miezi 12, kwamba mtoto huyo humaliza miaka kabla hajazaa wake, na kwamba jike aliyekonda hukaa mwaka mzima bila kushika mimba, anaona mara moja kwamba hesabu hiyo haiwezekani. Tunahitaji vijana wanaoijua kwa kuihesabu wenyewe zizini.

Punda wetu wa kisimani alishakufa kwa uzee. Binti yake ndiye niliye naye sasa, pale pale Nzega, na Februari iliyopita alitafuna hewa siku sita. Nikampeleka kwa dume la mzee mmoja wa kijiji cha jirani siku ya tatu na siku ya tano, tukakaa chini ya mwembe saa nzima dume likienda na kurudi, na mzee akinizuia kila nilipotaka kuinuka: "Mjukuu wangu, muache. Anajua." Tarehe zote mbili zipo kwenye daftari. Yule mtoto aliyeniokoa kisimani sasa ni kijana wa kidato cha sita, na ameomba awepo siku ya kuzaa. Tumeweka tochi, taulo safi, iodini ya kitovu, na kamba ndefu ambayo hakuna atakayeizungusha mkononi.